Uchungu, Ukakasi na Uchachu: Niliyojifunza kwa Kuonja Chokoleti Bundibugyo

Naishi Bundibugyo, magharibi ya milima ya Rwenzori, karibu na mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kazi yangu ni kupokea na kukagua kakao katika stoo ya ununuzi. Soko letu huwakutanisha Wakonzo, Wamba, Wabwisi, Watooro na wafanyabiashara wanaovuka kutoka ng'ambo, na kwa hiyo maneno ya mizani na bei mara nyingi husemwa kwa Kiswahili. Wilaya hii ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Uganda. Mikakao ya kwanza ililetwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1900 kupitia bustani ya mimea ya Entebbe, lakini huku kwetu zao hili lilishika nguvu zaidi baada ya mnyauko wa kahawa, ugonjwa uliotambuliwa Uganda mwaka 1993, kukausha mibuni katika mashamba mengi. Leo kila anayeshuka bondeni kutoka Fort Portal hukuta mbegu za kakao zimeanikwa juu ya maturubai mbele ya nyumba, na harufu yake ya siki na matunda humpokea kabla hajafika mjini.

Pamoja na wingi huo, wengi wa wanaoilima kakao hawajawahi kuonja chokoleti nyeusi iliyotengenezwa kwa mbegu zao. Mimi nilipata nafasi hiyo kwa njia ya kazi, kwa kuwa wanunuzi wa nje walitaka wakaguzi wa stoo wafahamu mbegu wanazozikubali au kuzikataa huishia kuwa ladha gani mdomoni mwa mlaji. Tangu hapo sijaacha kuonja. Naandika haya kwa ajili ya msomaji anayependa chokoleti na anayetaka kuielewa, na naomba nitangulize jambo ninaloliamini kuliko mengine yote: mtu anayeweza kutenganisha uchungu, ukakasi na uchachu katika kipande kimoja cha chokoleti ameshapata sehemu kubwa ya elimu ya kuonja, kwa sababu kila kimoja kati ya hivyo vitatu kina chanzo chake, na sehemu kubwa ya vyanzo hivyo imo mikononi mwa mkulima kabla mbegu haijaingia kwenye gunia.

Mwonjaji aliyewahi kuonja tunda la kakao lenyewe ana faida kubwa, nasi wa Uganda tunaipata faida hiyo bila gharama. Tunda la kakao huota moja kwa moja kwenye shina na kwenye matawi manene, nalo likipasuliwa mbegu huonekana zimejipanga ndani ya ute mweupe, mara nyingi 30 au 40, wakati mwingine zaidi. Ute huo ni mtamu na una uchachu mwepesi wa kuburudisha, unaonikumbusha stafeli. Watoto wa huku huufyonza wakati wa mavuno. Lakini ukiiuma mbegu iliyomo ndani, ambayo ikikatwa huonyesha rangi ya zambarau, unakutana na kitu tofauti kabisa. Ulimi unashikwa na uchungu, mashavu yanakauka kwa ndani, wala hakuna hata dalili ya harufu ya chokoleti. Namshauri kila anayeweza kufika shambani alifanye jaribio hilo la ute na mbegu mbichi kwa utulivu, kwa sababu atakuwa ameonja ncha mbili za safari nzima: utamu na uchachu wa matunda upande mmoja, uchungu na ukakasi upande wa pili. Chokoleti bora ni ile iliyofanikiwa kubeba kumbukumbu ya ute ndani ya mbegu na kuutuliza ukali wa mbegu usiifunike.

Kazi hiyo hufanyika ndani ya sanduku la mbao, au katika lundo lililofunikwa kwa majani ya migomba. Mbegu pamoja na ute wake huwekwa humo kwa siku 5 hadi 7. Hamira za asili, zinazotoka hewani, kwenye majani na mikononi mwa watu, huigeuza sukari ya ute kuwa alkoholi, na bakteria wanaozalisha asidi ya laktiki hufanya kazi yao sambamba nazo. Ute ukishachuruzika na hewa ikapenya, hasa mbegu zinapogeuzwa, bakteria wengine huibadilisha alkoholi kuwa asidi ya siki, na mabadiliko hayo hutoa joto linalolifikisha lundo kwenye nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi. Joto na asidi huiua mbegu isiweze kuota tena. Kuta za seli zake hupasuka, vimeng'enya vilivyokuwa vimetengwa hukutana na protini na sukari na kuzivunja katika sehemu ndogo ndogo, na sehemu hizo ndizo ambazo baadaye, zikipata moto wa kukaangia, hutoa harufu tunayoiita harufu ya chokoleti. Wakati huohuo polifenoli, kemikali za asili za mbegu ambazo ndizo hasa zinazoleta ukakasi, hupungua, rangi ya zambarau hufifia na kahawia huchukua nafasi yake. Bila hatua hii hakuna kiwanda chochote duniani, hata kiwe na mashine za namna gani, kinachoweza kutoa chokoleti yenye ladha nzuri.

Niliyaelewa haya kwanza kwa mama mmoja mkulima anayechachusha kakao yake kwa uangalifu kuliko watu wengi ninaowafahamu, na ndipo baadaye nikayasikia kwa wataalamu. Nilipomtembelea na daftari langu nikamwuliza lundo lake ni la siku ya ngapi, alinijibu: "Mwanangu, usiniulize siku. Tia mkono kwanza, kisha unuse." Nilitia mkono, nikakuta joto la kumfanya mtu autoe haraka, na harufu ya siki iliyonifanya nifumbe macho. Alinieleza kwamba siki hiyo lazima ipande kisha ishuke, na kwamba ikishashuka asipoziondoa mbegu mapema, harufu itageuka kuwa ya kitu kinachooza na hakuna jua litakaloiondoa. Kisha akanipa mbegu kutoka katika lundo changa na nyingine kutoka katika lundo lililoiva, nizitafune moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilinikausha mdomo. Ya pili ilikuwa bado chungu, lakini uchungu wake ulikuwa umeachana na ule ukakasi, na nyuma yake palikuwa na kitu kinachofanana na karanga na matunda. Sijapata somo la kuonja lililo wazi kuliko lile.

Baada ya sanduku huja jua, nalo huhitaji subira yake. Mbegu hukaushwa mpaka zibaki na unyevu wa asilimia 7 hivi, kwani zikizidi hapo huota ukungu ndani ya gunia. Lakini kukausha kwa haraka mno nako kuna hasara: ganda la nje hukauka na kukaza kabla asidi ya siki haijapata njia ya kutoka, na asidi hiyo hufungwa ndani. Mkulima anayezitandaza mbegu zake kwa unene wa wastani katika siku za mwanzo na kuzigeuza mara kwa mara anaifanyia chokoleti wema ambao mlaji wa Paris au Nairobi ataonja matokeo yake bila kujua alikotoka. Stooni tunalipima hilo kwa kisu. Huchukuliwa mbegu 300 kutoka katika fungu, zikakatwa kwa urefu na kupangwa juu ya ubao, na rangi huhesabiwa: kahawia yenye mifereji ni dalili ya uchachushaji mzuri, zambarau inaonyesha kwamba kazi haikukamilika, na kijivu kilichoshikana kama jiwe la kunolea kinaonyesha kwamba mbegu haikuchachushwa kabisa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiziona rangi hizo kwa macho tu. Nilipoanza kuonja chokoleti, rangi zilipata sauti.

Mafunzo ya kuonja yenyewe niliyapata Kampala, katika chumba kisicho na mapambo, mbele ya sahani zenye vipande vidogo visivyo na majina. Mwalimu wetu alianza na masharti ambayo mtu anaweza kuyapuuza, nami sasa nayashika kwa makini hata nyumbani. Asubuhi ni bora kuliko jioni, kabla ya chakula kizito na kabla ya chai yenye tangawizi. Asiwepo mtu aliyejipaka manukato, wala jiko lenye vitunguu jirani. Maji ya kunywa yawe ya uvuguvugu au ya joto la kawaida la chumba, kwa sababu maji ya friji huupoza mdomo na chokoleti haiyeyuki inavyostahili. Kati ya kipande na kipande, mkate mweupe usio na siagi hutosha kusafisha ulimi. Chokoleti nayo isitoke kwenye friji moja kwa moja, kwani ikiwa baridi huficha harufu yake. Joto la chumba la nyuzi 20 hivi ndilo linaloifaa, nalo kwa Kampala asubuhi si shida kulipata. Huku Bundibugyo, ambako mchana huwa na joto kali, inabidi tuonje mapema kabla jua halijapanda.

Kabla ya kuonja, macho na masikio yana neno lao. Bamba lililotengenezwa vizuri hung'aa, na likivunjwa hukatika kwa mlio mkavu na kuacha ukingo safi. Siri yake ni mafuta ya kakao, ambayo yanaweza kuganda katika maumbo sita tofauti ya fuwele, na ni umbo moja tu kati ya hayo, la tano, ambalo watengenezaji hulitafuta kwa kuipasha na kuipoza chokoleti kwa vipimo maalumu. Umbo hilo huyeyuka karibu na nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili wa mtu, na ndiyo maana chokoleti hukaa imara mkononi kwa muda mfupi kisha ikayeyuka yote mdomoni. Bamba likiyeyuka kwa joto la njiani na kuganda tena ovyo, hutoka likiwa na utando wa kijivu juu yake. Utando huo si ukungu, wala haumdhuru mlaji, lakini ulaini umeshapotea. Nasikitika kusema kwamba mabamba mengi yanayouzwa katika miji yetu midogo yamepitia mateso hayo, na mtu akiyaonja anaweza kuihukumu vibaya kakao isiyo na hatia.

Hatua inayofuata ni pua. Kivunje kipande, kisogeze puani mara tu baada ya kuvunjika, kwa sababu uso mpya hutoa harufu kuliko uso wa zamani. Kisha kiweke juu ya ulimi na ukiache. Huu ndio ugumu mkubwa kwa wanaoanza, maana meno yanataka kutafuna, na sukari inaukaribisha mwili kumeza. Kitafune mara moja au mbili tu ili kivunjike, halafu kibane taratibu kati ya ulimi na kaakaa, uvute pumzi kwa pua na kuitoa kwa pua huku mdomo umefungwa. Mwalimu wetu alitufanyisha jaribio ambalo namwomba kila msomaji alifanye: bana pua kwa vidole viwili, weka chokoleti mdomoni, subiri iyeyuke kidogo. Utapata utamu, uchungu na uchachu, basi. Sasa achia pua. Ghafla yanaingia matunda, maua, karanga, kahawa na kila kitu kingine, kwa sababu harufu hupanda kutoka kooni hadi puani kwa njia ya nyuma, na sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu hiyo. Tangu siku nilipolifanya jaribio hilo sijala chokoleti huku nikizungumza.

Sasa nirudi kwenye vile vitatu. Uchungu ndio unaotajwa na watu wote, na mara nyingi hulaumiwa kwa makosa yasiyo yake. Unatokana hasa na theobromini na kafeini, ambazo ni za asili katika mbegu, na pia na baadhi ya vitu vinavyozaliwa wakati wa kukaanga. Huhisiwa juu ya ulimi, nao huja na kuondoka. Uchungu safi ni mzuri. Ni ule ule wa kahawa iliyokaangwa kwa kiasi, unaoipa chokoleti uti wa mgongo na kuuzuia utamu usichoshe. Uchungu mbaya ni ule wa moto kupita kiasi, unaofanana na ukoko ulioungua, na huo ni wa mtengenezaji. Kuna watengenezaji wanaokaanga kwa moto mkali ili kufunika kasoro za mbegu, kwani mbegu zote zikikaribia kuungua hufanana. Ukiona chokoleti nyeusi yenye uchungu mrefu na usio na kitu nyuma yake, ujue kuna jambo limefichwa.

Ukakasi ni kitu kingine, na ni hapa ambapo watu wa ukanda huu wana ustadi wasioujua. Nani kati yetu hajawahi kuuma ndizi mbichi au pera changa? Ule mkauko unaoshika mashavu, ufizi na ncha ya ulimi, unaoufanya mdomo uhisi umepakwa unga mkavu, hauna ladha hasa. Ni mguso. Polifenoli zinaposhikana na protini zilizomo katika mate, mate hupoteza utelezi wake, na mdomo hukwaruza. Ukakasi haupotei chokoleti inapoyeyuka. Huongezeka kidogo kidogo, na hubaki baada ya kumeza. Kiasi kidogo hukubalika, hata hupendeza, na mbegu za aina fulani huwa nao zaidi ya nyingine. Lakini ukakasi mzito ndio mlio wa rangi ya zambarau tuliyoiona kwenye ubao: mbegu hazikupewa siku zao ndani ya sanduku, au zilichumwa zikiwa changa. Huku kwetu naijua sababu ya mara kwa mara, kwa kuwa wakulima wenyewe hunieleza. Anayehofia wezi wa matunda shambani huchuma kabla ya kuiva, na anayedaiwa ada ya shule wiki hii hawezi kungoja siku sita za sanduku. Ninapokutana na ukakasi huo katika bamba la bei kubwa lililopambwa kwa karatasi ya dhahabu, ninaisikia haraka ya mtu fulani aliyekuwa na dharura.

Uchachu ndio unaohitaji hukumu ya makini zaidi, kwa kuwa ndani yake mna uzuri na kasoro pamoja. Asidi ya siki huruka hewani, kwa hiyo hunuswa kabla haijaonjwa. Ukiivunja chokoleti ukachomwa puani, mbegu zilikaushwa kwa haraka au mtengenezaji hakuipa muda wa kutosha katika mashine ya kukoroga. Mashine hiyo, iliyobuniwa na Rodolphe Lindt huko Bern mwaka 1879, huikoroga chokoleti ya moto kwa saa nyingi mpaka asidi zinazoruka zitoke na ulaini upatikane. Asidi ya laktiki hairuki kwa urahisi, nayo huleta uchachu mzito wa maziwa yaliyoganda, na mtengenezaji hana njia rahisi ya kuiondoa. Na upo uchachu wa tatu, mwangavu, wa matunda: huja mapema, huyafanya mate yatoke, kisha hugeuka kuwa utamu. Huo ndio ute wa kakao uliobaki katika kumbukumbu ya mbegu. Wengi waliozoea chokoleti ya maziwa huuonja wakasema chokoleti imeharibika. Nawaomba wasiharakishe. Angalia mate: ukakasi huyakausha, uchachu huyaleta. Kwa kipimo hicho kimoja mtu anaweza kuvitenganisha hata akiwa amefumba macho.

Kuhusu majina ya ladha, tulipewa karatasi iliyoandikwa cheri, rasiberi, plamu na matunda mengine ambayo wengi wetu chumbani hatukuwa tumewahi kuyala. Mwalimu alikuwa mtu mwenye busara, akaturuhusu kuandika yetu. Daftari langu lina pasheni, fenesi lililoiva kupita kiasi, gonja la kuchoma, zabibu kavu, ufuta, asali ya porini, tumbaku, ganda la mdalasini. Kuna chokoleti ya Bundibugyo niliyoionja siku ile ambayo nilianza nikiipata karanga, kisha gonja lililoungua kidogo ukingoni, na mwisho wake ulikuwa mrefu wenye asali. Jirani yangu, aliyekulia Luwero, aliandika viazi vitamu vilivyookwa, na nilipoonja tena nikaona yuko sahihi. Hakuna haja ya kuazima mdomo wa mtu mwingine. Jambo la lazima ni kuandika wakati ule ule, kwa sababu kumbukumbu ya ladha hufifia upesi, na kuandika pia wakati: nini kilikuja kwanza, nini katikati, nini kilibaki baada ya kumeza na kwa muda gani. Chokoleti dhaifu husema kila kitu mwanzoni kisha ikanyamaza. Ile nzuri hubadilika mara kadhaa, na unaweza kuendelea kuionja dakika kadhaa baada ya kumeza.

Namba ya asilimia kwenye karatasi huwapotosha wengi. Asilimia 70 maana yake ni kwamba sehemu hiyo ya uzito imetokana na mbegu ya kakao, yaani unga wake mzito pamoja na mafuta ya kakao yaliyoongezwa, na kiasi kilichobaki katika chokoleti nyeusi ya kawaida karibu chote ni sukari. Namba hiyo haisemi mbegu zilichachushwa vipi, wala zilitoka wapi, wala mafuta ni mangapi kati ya hiyo 70. Nimeonja asilimia 85 iliyo laini na yenye harufu, na nimeonja asilimia 60 iliyonikwaruza koo. Soma zaidi orodha ya vilivyomo. Ikiwa fupi, kakao, sukari na pengine mafuta ya kakao, mtengenezaji amekubali kuhukumiwa kwa mbegu zake. Ikiwa mafuta ya mimea mingine yamechukua nafasi ya mafuta ya kakao, kuyeyuka kwake kutakuwa kwa namna nyingine na mdomo utabaki na utando. Ikiwa kakao imetibiwa kwa alkali, uchachu wake umeuawa pamoja na harufu nyingi, ingawa rangi itakuwa nyeusi ya kuvutia. Vanila si dhambi, nasi wa Bundibugyo tunailima na kuipenda, lakini ikizidi huwa pazia.

Njia bora ya kujifunza niliyoiona ni kuweka mabamba mawili au matatu yenye asilimia ileile ya kakao, kutoka nchi tofauti, mbele ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Chokoleti ya bonde la Sambirano, Madagaska, huja na uchachu wa matunda mekundu na machungwa, na hakuna anayeisahau. Ya Ghana huwa na uzito wa kakao yenyewe, imara, yenye uchachu mdogo. Ya Ekuado, ikiwa ya mbegu za aina ya Nacional, huleta harufu ya maua. Majirani zetu wa Kilombero, Tanzania, wametoa kakao inayotambuliwa na watengenezaji wengi wa chokoleti bora kwa ladha yake ya matunda, nami nimeifurahia. Wataalamu walizoea kuigawa kakao katika aina tatu, Criollo, Forastero na Trinitario, mpaka utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2008 ulipoonyesha makundi 10. Kwa mwonjaji, hata hivyo, aina ya mti ni nusu ya habari tu. Nimeonja mbegu za shamba moja, za msimu mmoja, zilizochachushwa na watu wawili, na zingeweza kudhaniwa kuwa zimetoka nchi mbili.

Kasoro nyingine nitazitaja kwa kifupi, kwa sababu ukizionja mara moja hutazisahau tena. Moshi, unaotokana na mbegu kukaushwa karibu na moto wa kuni wakati wa mvua, hubaki hadi bamba la mwisho. Ukungu hutoa harufu ya gunia lililolowa. Uchachushaji uliopitiliza huleta kitu kama nyama iliyokaa, na kwa hilo hakuna dawa.

Niliporudi Bundibugyo niliomba ruhusa ya kuonja pamoja na wakulima wanaotuletea kakao. Hatuna mashine kubwa. Tulizikaanga mbegu kwenye kikaango kwa moto mdogo, tukazipepeta maganda, tukazisaga kwa kinu cha mkono na sukari kidogo mpaka zikawa uji mzito wenye chengachenga. Kiwanda husaga mpaka chembe zishuke hadi ukubwa wa sehemu 20 hivi kati ya sehemu elfu za milimita, ndipo ulimi usizihisi. Zetu zilihisiwa, lakini ladha ilikuwepo yote. Sahani moja ilikuwa ya mbegu zilizokaa sandukuni siku sita, nyingine ya mbegu zilizoanikwa bila kuchachushwa, na hatukusema ipi ni ipi. Wazee walionja kimya, wakanywa maji, wakaonja tena. Yule mama aliyenifundisha kutia mkono kwenye lundo alizitambua kwa kunusa tu, kabla hajaonja. Mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi ameuza kakao isiyochachushwa, aliirudisha sahani ya pili mezani akasema: "Hii inanikausha mdomo. Na ndiyo yangu." Kisha akauliza swali ambalo wengi walikuwa nalo: ikiwa ulimi unaona tofauti kubwa hivi, kwa nini mizani inazilipa bei moja?

Sikuwa na jibu la kumridhisha siku hiyo, kwa sababu wanunuzi wengi wa barabarani hupima uzito peke yake, na mkulima anayengoja siku sita hulipwa sawa na asiyengoja, tena kwa uzito uliopungua. Tulichoweza kufanya ni kutenganisha. Mafungu yaliyochachushwa vizuri sasa huwekwa kando na kuandikwa jina la kijiji, sampuli hukaangwa na kuonjwa kabla fungu halijachanganywa na mengine, na mkulima aliyelileta hukaribishwa mezani aonje nasi na kusema alichokipata. Wapo wanunuzi wanaoongeza bei kwa mafungu hayo, na wapo wasioongeza. Msimu uliopita yule mzee alijenga sanduku la mbao za mvule nyuma ya nyumba yake, akaja stooni na mbegu zake ndani ya mfuko mdogo, akataka tuzikaange kwanza kabla ya kuzungumza habari za mizani.